Jiko la Vénantie

Uwingabire alifika kijiji cha Kibabi mvua ikinyesha, akiwa amembeba binti yake mgongoni na kumvuta ng'ombe kwa kamba. Nyuma yake alitembea mama mkwe wake, Kampire, polepole, miguu imevimba. Walikuwa wametoka milima ya juu ya Kitshanga, walikoishi kwa kufuga na kuuza maziwa. Vita viliwakuta asubuhi wakikamua. Ng'ombe wengine walitawanyika porini kwa mlio wa risasi, lakini huyu mmoja aliwafuata mwenyewe, na Uwingabire, aliyekuwa mjane tangu mtoto akiwa mchanga, hakuwa na mali nyingine duniani.

Vénantie alikuwa anatoka shambani, jembe begani, alipowakuta wamesimama chini ya mkaratusi njiani. Alitazama miguu ya yule mama mzee kabla ya kutazama nyuso zao.

"Munatoka wapi?"

"Kitshanga."

"Na munaenda kwa nani?"

Uwingabire akavuta kamba ya ng'ombe karibu. Hawakuwa wanaenda kwa mtu.

"Basi mukuje," Vénantie akasema. "Mama huyu atakufa na baridi hapa."

Jiko lake lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, kuta za udongo na bati juu. Alisogeza vyungu upande mmoja, akatandika majani makavu, akachochea moto. Ng'ombe akafungwa kwenye mparachichi. Siku ile walikula maharagi na viazi kutoka sahani moja, na hakuna aliyeuliza watakaa mpaka lini.

Nestor, mume wa Vénantie, hakuwapo. Alikuwa amepeleka maharagi Walikale, kama alivyofanya kila baada ya mavuno, ili arudi na mafuta ya mawese ya kuuza Kibabi. Aliporudi alikuta moshi jikoni na mnyama asiyemjua uani.

"Ngombe ya nani hii?"

"Ya wageni," Vénantie akajibu.

"Wageni ya nani?"

"Yetu."

Nestor alisimama kidogo na madumu yake. Alikuwa mkulima, mtoto wa wakulima, na maisha yake yote alikuwa amewafukuza ng'ombe wa watu shambani mwake. Kisha akaweka madumu chini, akachukua panga, akaenda kukata miti ya kutengeneza uzio ili yule ng'ombe asifike kwenye maharagi.

Wakati ule karibu kila nyumba ya Kibabi ilikuwa na watu. Papa Darius, aliyeongoza sala katika kanisa dogo la kijiji, aliweka kikapu kikubwa mbele ya altare kila Jumapili. Aliyekuwa na viazi alitia viazi, mwingine unga, mwingine chumvi kidogo iliyofungwa katika jani. Baada ya sala wamama waligawa vile vitu kwa nyumba zenye wageni. Hakuna aliyeandika nani ametoa nini. Watu walitoa kwa sababu Jumapili iliyopita waliona mtoto wa mgeni akilala juu ya benchi kwa njaa, na Jumapili hii hawakutaka kumuona tena vile.

Ndivyo walivyoishi. Uwingabire aliamka mapema, akakamua, maziwa yakagawanywa kati ya nyumba na jiko. Samadi ya ng'ombe ikaingia shambani, na Nestor, ambaye hakupenda kusifu, alisema viazi vya upande ule vilikuwa na majani mazuri. Kampire naye, nguvu zilipomrudia, alianza kulalamika kwamba Vénantie hatii chumvi ya kutosha, na Vénantie akafurahi, kwa maana aliona mzee amepona.

Kisha likaja shirika la misaada.

Magari yao meupe yalipanda na kushuka kwa siku kadhaa, na ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko karibu na barabara, likaota kambi la shitingi nyeupe, yale maturubai ya plastiki. Kijana aitwaye Trésor, mwenye jile, kizibao cha shirika, na sauti ya upole, aliita watu kwenye uwanja wa shefu, mkuu wa kijiji. Akaeleza kwamba kutakuwa na unga, mafuta, maharagi na sabuni kwa waliokimbia vita, kila mwezi, kwa wale wanaolala kambini.

"Na sisi benye tuko ndani ya nyumba za watu?" mama mmoja akauliza.

"Mama, benye beko ndani ya nyumba, beko na bati juu ya kichwa," Trésor akasema. "Tunaanza na wale hawana kitu."

Ilionekana ni haki. Watu walipiga makofi, na wenye nyumba ndio waliopiga zaidi. Walikuwa wamechoka. Kwa miezi walikuwa wamebeba mzigo usiokuwa wao, na sasa alikuwa amekuja mtu mwenye mabega makubwa kuupokea.

Jumapili iliyofuata, kikapu cha Papa Darius kilirudi na vitunguu vichache na kipande cha sabuni. Papa Darius alikitazama, akawatazama watu, nao wakatazama chini. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Kila mtu aliwaza kwamba wageni sasa wanakula kwa shirika, na kwamba viazi vyake vinaweza kubaki nyumbani kwa watoto wake. Hivyo wageni waliokuwa majikoni mwa watu wakakosa huku na huku: hawakuwa kambini, na kikapu hakikuwafikia.

Nyumbani kwa Vénantie chakula kikaanza kupungua. Ilikuwa ile miezi mibaya kabla ya mavuno, wakati maharagi bado yanatoa maua. Alasiri moja Uwingabire alikuwa anafua nyuma ya nyumba aliposikia Nestor akimwambia Vénantie ndani:

"Mama, mbegu inaisha. Tukikula mbegu, tutapanda nini? Mawe?"

Uwingabire hakungoja kusikia jibu. Alichukua nguo zake, bado zina povu, akaenda kuzisuuzia mtoni.

Siku iliyofuata alivuka bonde, akaandikishwa, akapewa jeton, kadi ya kupokelea chakula. Aliporudi alimkuta Vénantie anamenya viazi.

"Dada, tunahamia kambini."

Kisu kilisimama. "Juu ya nini?"

Angeweza kusema ukweli. Lakini aliona kwamba akisema, Vénantie atagombana na mumewe kwa ajili yake, na kisha atamkataza kuondoka. Akatafuta uongo wa haraka.

"Kule kuko mafuta," akasema.

Vénantie alichukua kiazi kingine. "Mafuta," akarudia. "Sawa. Kama ni mafuta, muende."

Kampire alikasirika. "Miye sitalala ndani ya mufuko!" akapiga kelele uani, akiwa na maana ya shitingi. Lakini alikuwa mzee, na mkwe wake ndiye aliyebeba mzigo wake, akaenda.

Ng'ombe hakuweza kwenda. Kambini hawakukubali wanyama. Kwa hiyo kila alfajiri Uwingabire alivuka bonde kuja kumkamua, akaacha nusu ya maziwa kwenye mlango wa Vénantie, akachukua nusu yake, akarudi. Alimsikia Vénantie akitembea ndani. Mlango haukufunguliwa. Kanisani walikaa mabenchi mbalimbali, na wakati wa kupeana amani kila mmoja alimgeukia jirani mwingine.

Maisha ya kambini hayakuwa kama Trésor alivyotaka yawe. Upepo wa mteremko ule ulipiga shitingi mchana kutwa, maji ya mvua yalipita chini ya mikeka. Chakula kilikuja kweli, mwezi wa kwanza kizuri. Mwezi wa pili kikawa kidogo zaidi, kwa sababu kambi lilikuwa limekua. Watu hawakutoka kwenye vita vipya. Walitoka ng'ambo ya bonde, kwenye majiko na vyumba vya Kibabi, mmoja baada ya mwingine, kama Uwingabire.

Trésor aliliona. Aliwauliza waliokuja kuandikishwa walikotoka, nao wakanyoosha kidole: pale, nyumba ile yenye bati jekundu. Alikuna kichwa. Kila familia iliyohamia iliacha nyuma yake kitanda kikavu, na shirika likawa linanunua shitingi nyingine. Aliandikia wakubwa wake Goma. Wakamjibu kwamba pesa imetolewa kwa ajili ya kambi.

Mvua ilipozidi, kifua cha Kampire kiliziba. Asubuhi moja hakuweza kukaa, akawa anapumua kwa sauti kama ya maji yanayochemka. Vijana wa kambini walimbeba kwa machela, wakavuka naye bonde mpaka kituo cha afya cha Kibabi.

Habari zilimkuta Vénantie shambani. Jirani alimpigia kelele kutoka njiani: "Mama yenu wa jikoni wamemubeba!" Vénantie aliacha jembe palepale kwenye tuta, akaenda na udongo wake mikononi.

Alimkuta Kampire kitandani, macho yamefungwa. Uwingabire alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea ukuta, mtoto amelala mapajani. Muuguzi alikuwa amekwisha kumpa mzee dawa.

"Atapona," muuguzi akasema, akimwambia Vénantie kama vile yeye ndiye mwenye mgonjwa. "Dawa inashika. Lakini asirudi kulala kwenye maji. Akirudi kule, sitaahidi kitu."

Muuguzi alipotoka, Vénantie alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alijaribu kukasirika, akashindwa.

"Mafuta ile, mulipata?" akauliza.

Uwingabire akaanza kulia. "Dada, hapakuwa mambo ya mafuta."

"Basi njo nini?"

"Nilisikia Papa Nestor. Alisema mbegu inaisha. Nikaona tunakula shamba yenu ya mwaka kesho. Ningekaa namna gani?"

Vénantie aliinama. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka. Uwingabire alidhani analia naye, mpaka alipoona meno.

"Nestor?" Vénantie akasema akicheka, machozi yakimtoka. "Weye uliondoka juu ya Nestor? Tangu aniowe anasema mbegu inaisha! Kila mwaka! Hata mwaka tulipata magunia mpaka tukakosa pa kuweka, alisema mbegu inaisha!"

Uwingabire naye akacheka, bila kutaka, akifunika mdomo kwa kitenge ili asimwamshe mtoto.

Kampire akafungua jicho moja. "Munacheka nini? Miye niko nakufa hapa."

"Hauko nakufa, Mama," Vénantie akasema. "Unarudi nyumbani."

Nestor alikuja jioni kumchukua mzee mgongoni, kwa sababu njia ilikuwa matope na machela yalikuwa yamerudi kambini. Vénantie alikuwa amemwambia kila kitu. Alisimama mbele ya Uwingabire, uso umekunjamana.

"Mama, miye nilikuwa naongea na bibi yangu. Nani alikutuma usikilize nusu?"

"Nusu ingine ilikuwa nini, Papa?"

"Ilikuwa nitaenda Walikale mara ingine, nibebe mizigo kule sokoni, tununue mbegu. Na nilienda! Nikarudi na mbegu, nikakuta jiko iko wazi, hakuna mutu." Akainama ili Kampire apandishwe mgongoni. "Ukisikiliza tena, usikilize mpaka mwisho."

Asubuhi Uwingabire alivuka bonde mara moja tu, kurudisha jeton. Trésor hakuelewa.

"Mama, ukitoka kambini, sina njia ya kukusaidia tena. Unajua?"

"Ninajua."

"Unakataa musaada?"

"Sikatai, Papa. Mukinipatia kule niko, nitapokea na mikono mbili. Lakini mama mukwe yangu hawezi kulala hapa, na kule kuko watu wanatupenda."

Trésor aliishika ile jeton bila kujua aiweke wapi. Hatimaye akauliza kama anaweza kuja kuiona hiyo nyumba.

Alikuja na mkubwa wake kutoka Goma, mama mmoja mnene, mchangamfu, jina lake Élisabeth. Vénantie aliwaketisha jikoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto, akawapa viazi na maziwa. Kampire alikuwa amelala pembeni, amejifunika, akiwasikiliza.

"Mama Vénantie," Élisabeth akasema, "kwa hii miezi yote, umewapa wageni yako vitu vya kiasi gani?"

Vénantie alifikiri kwa bidii, maana aliona mgeni anauliza kwa heshima. "Sijui, Mama. Nitapima nini? Moto ilikuwa inawaka tu. Nikiwapikia watoto yangu, na wao beko pale."

"Na ulisaidiwa na nani?"

"Kanisa. Kulikuwa kikapu. Kisha munyi, watu ya shirika, mulikuja, kikapu ikaisha."

Élisabeth aliweka kikombe chini.

"Kikapu iliisha juu yetu?"

"Haikuwa kosa yenu," Vénantie akasema upesi, akiogopa kuwa amemkosea. "Watu walifikiri munatosha."

Élisabeth hakujitetea. Alisema kwamba wanaotoa pesa, mbali huko, huona kambi kwa macho, shitingi zimepangwa, lakini hawaoni wageni waliolala katika jiko la mtu. Ndiyo maana pesa ilikuja na jina la kambi. "Nitaomba waibadilishe," akasema. "Siahidi. Nitaomba na nguvu yangu yote."

Wakangoja. Kulikuwa kungoja kugumu, kwani sasa hawakuwa na unga wa shirika, na Uwingabire kila alipoona magari meupe yanapita alijiuliza kama alikuwa amefanya ujinga. Lakini familia nyingine nazo zilianza kurudi kwenye nyumba zilikotoka, kwa ajili ya mvua na vifua vya watoto. Na Jumapili moja Papa Darius alisimama mbele ya watu, akasema bila kuzunguka: "Tulifikiri wanakula kule. Hawakuli kule. Beko hapa, mbele yenu, munawaona." Kikapu hakikujaa kama zamani, lakini kilirudi kizito kiasi kwamba ilibidi watu wawili wakibebe.

Jibu la Goma lilikuja maharagi yalipoanza kukauka shambani. Trésor aliita tena mkutano kwenye uwanja wa shefu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Kambi litabaki kwa wale wasio na pa kwenda. Lakini kila nyumba yenye wageni nayo itapata pesa kwa simu, kwa mwenye nyumba na kwa mgeni, kila mmoja ya kwake.

Hapo Kibabi ikajaa wageni kwa saa moja. Watu ambao hawakuwahi kupokea hata kuku wa jirani waligundua ghafla kuwa wana wakimbizi ndani. Mzee Karangwa alimleta shemeji yake, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwake tangu watu wengi hawajazaliwa, akasema amekimbia vita. Uwanja mzima ulicheka, na yule shemeji akacheka kuliko wote, mpaka Karangwa naye akashindwa kujizuia. Trésor alimwangalia Papa Darius, Papa Darius akawaangalia wamama waliokuwa wakigawa kikapu. Wao walijua nani amelala wapi. Wakasimama mbele, wakaanza kutaja nyumba moja moja.

Uwingabire alikuwa nyuma. Alikuwa amerudisha jeton kwa mkono wake. Labda jina lake lilifutwa. Labda kwa shirika yeye hakuwa tena mkimbizi, wala kwa kijiji hakuwa mwenyeji. Nyumba zilitajwa, za juu, za karibu na mto, za nyuma ya shule. Aliona kama wanazunguka nyumba ya Vénantie kwa makusudi.

"Nyumba ya Nestor na Vénantie," mama mmoja akasema. "Uwingabire, mutoto yake Uwamwezi, na mama mukwe yake Kampire. Hao beko pale tangu mwanzo."

"Walitoka kidogo," Trésor akasema, akiangalia karatasi zake.

"Walitoka, wakarudi," mama yule akajibu. "Mutu hatoki kwao na kurudi?"

Trésor akatabasamu, akaandika.

Mkutano ulipokwisha, Vénantie na Uwingabire walishika njia ya nyumbani pamoja. Vénantie aliongea bila kupumua: atanunua mbegu nzuri, na Nestor bado atasema inaisha; na Kampire apate matrasi ya kulalia, labda atapunguza kelele za chumvi. Alipogeuka, Uwingabire hakuwa karibu yake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa njia, kwenye majani, miguu imenyooshwa mbele.

Vénantie alirudi mbio. "Unaumwa? Ni nini?"

"Hapana, dada. Nasikia tu muchoko ya tangu Kitshanga. Ngoja kidogo."

Vénantie alimchunguza uso, akaona kwamba ni kweli, hakuna ugonjwa. Basi akakunja kitenge chake, akaketi kando yake. Kijana mmoja alishuka kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, iliyojaa makabichi, akawasalimia kwa kelele akipita, nao wakamjibu. Baadaye kidogo Uwingabire alivua kandambili, akaweka miguu yake juu ya majani mabichi.

"Tutachelewa kupika," akasema.

"Nestor iko pale," Vénantie akajibu. "Leo atapika yeye."

Wakabaki wameketi.